Matembele Yafunike Uwanja

Kama uko Kahe, najua umekaa nje, maana bati bado linatoa joto la mchana. Kama uko huko juu, Marangu au Kibosho, umeshavaa sweta na pengine umesogea karibu na moto. Mlima wetu wa Kilimanjaro ni mmoja lakini hewa si moja, na jambo la leo linategemea sana uko sehemu gani ya mteremko. Nataka tuzungumze juu ya mmea wa kufunika uwanja. Sisemi mti wa kivuli, wala ua la kuweka kwenye kopo barazani. Nasema mmea mfupi unaotambaa, wenye majani mabichi mwaka mzima, unaoishi miaka, na usiomlazimisha mwenye nyumba kuushikia jembe kila Jumamosi. Swali hili huulizwa zaidi na watu wa tambarare, kuanzia Mabogini na Chekereni, ukishuka Oria mpaka Kahe yenyewe.

Tuanze na uwanja. Kahe uwanja hufagiliwa alfajiri, jua halijapanda, mpaka udongo unabaki na mistari ya ufagio. Sibezi desturi hiyo. Uwanja mtupu una faida zake: nyoka anaonekana toka mbali, mahindi na mpunga vinapata pa kuanikwa, watu wa msiba wanapata pa kukaa, na aliyepita usiku wa manane anaacha nyayo zake pale. Mama aliyelelewa akiambiwa kwamba uwanja wenye majani ni aibu ya nyumba huwezi kumgeuza kwa kipindi kimoja cha redio, na mimi sina nia hiyo.

Lakini kesho asubuhi angalia ngazi ya mlango wako. Nyumba nyingi za siku nyingi huku chini zilijengwa mlango ukiwa karibu usawa wa ardhi. Leo mbele ya mlango kuna ngazi, mbele ya ngazi pamewekwa jiwe, na mwaka juzi pembeni ya jiwe yameongezwa matofali mawili. Wala si nyumba iliyopanda. Ni ardhi iliyoshuka. Mizizi ya mwembe iko nje, watoto wanajikwaa hapo wakicheza. Mawe ya msingi yaliyokuwa yamefukiwa yameanza kuonekana. Ufagio umechukua kidogo kila siku, upepo wa kiangazi umechukua kidogo, na maji yanayomwagika kutoka kwenye bati yamechukua sehemu kubwa.

Mtu atasema Kahe hakuna mvua ya kuchukua udongo. Ni kweli mvua si nyingi. Tambarare hii hupata kama milimita 500 au 600 kwa mwaka, wakati msitu wa mteremko wa kusini, juu ya vijiji vya Kibosho na Machame, hupata zaidi ya 2000. Ila mvua ya huku chini huja kwa kishindo. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huikuta ardhi imekauka na kushikana. Tone likipiga udongo mtupu huzivunja chembe zake, zile laini huziba vitundu, maji yanakosa pa kuingia, yanaanza kutembea, na yakitembea hayatembei mikono mitupu. Jani likikaa katikati, tone hupoteza nguvu kabla ya kufika chini. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mmea wa kufunika ardhi. Urembo unakuja baadaye.

Na uwanja mtupu haubaki mtupu hata ukiupenda hivyo. Ukisafiri wiki mbili kumuuguza mtu, ukirudi unakuta mgeni. Siku hizi mgeni huyo mara nyingi ni gugu karoti, lenye majani yaliyokatikakatika kama ya karoti na vijiua vyeupe, lililoenea Arusha na Kilimanjaro miaka ya karibuni. Linapenda ardhi iliyoachwa wazi kuliko mahali pengine popote. Linawasha ngozi, linawabana kifua wenye pumu, na ng'ombe akilila maziwa yake yanakuwa machungu. Mahali palipofunikwa na majani mazito mbegu yake inakosa mwanga, na nyingi haziinuki.

Tena Kahe haikuwa tupu toka mwanzo. Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Smuts yalipambana hapa na jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck kugombea stesheni na njia ya reli, na vita vile vilipiganwa ndani ya pori zito la kando ya mto Ruvu. Mabaki ya msitu wa Kahe bado yapo, kwenye vipande vya hifadhi. Ukiingia humo mchana wa Februari, ukaweka kiganja chini penye majani makavu, kisha ukaja kukiweka kwenye uwanja wako uliofagiliwa, utajua mwenyewe tofauti.

Sasa basi, mtu akishakubali kwamba anataka kijani, anakwenda mjini, kwenye vitalu vya maua vya kando ya barabara. Vijana wa vitalu ni watu hodari, wanajua kazi, na wamewafundisha wakazi wa Moshi kupenda bustani. Nina neno moja tu la kuwaambia wateja wao. Ukiambiwa mmea fulani hautaki kazi, uliza unaishaje. Yaani ukishaufunika uwanja, unasimama wapi?

Mfano ni wedelia. Wengi mnaijua kwa sura hata kama hamjui jina: majani yanang'aa, maua ya njano kama alizeti ndogo, inatambaa haraka, haisumbuliwi na wadudu, kavu inavumilia na maji inavumilia. Ni nzuri, sikatai. Asili yake ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibiani, na wataalamu wa viumbe vamizi wa shirika la uhifadhi la IUCN wameiweka kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani. Inatoa mizizi kila kifundo. Kipande cha shina kikidondokea mferejini kinasafiri na maji, kinanasa ukingoni, kinaota kwenye shamba la mwenzako. Kahe na majirani zake ni nchi ya mifereji. Mtu wa Njoro, mjini Moshi, mwenye ukuta na barabara ya lami pande zote, atajua mwenyewe. Mtu wa huku ambaye mfereji unapita nyuma ya choo chake, namshauri aiache kitaluni.

Kuna wengine wanaoteremsha mimea kutoka kwa ndugu zao wa mlimani. Huko juu, kwenye msitu wenye unyevu wa njia za Marangu na Umbwe, kuna kijiua chekundu chenye mkia uliojikunja, kinachoota chini kwenye kivuli. Wataalamu wanakiita Impatiens kilimanjari, na hakipatikani popote duniani ila Kilimanjaro. Binamu yake wa Afrika Mashariki, Impatiens walleriana, aliwahi kupewa jina la Sultani wa Zanzibar, akapelekwa Uingereza katika karne ya 19, na leo huuzwa kwa trei kwenye maduka ya bustani ya Ulaya na Marekani kila majira ya joto. Tuna haki ya kujivunia. Lakini kijiua hicho kimezoea ukungu na kivuli cha msitu. Kukileta Kahe, mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni kukiua kwa upendo. Hali kadhalika zile nyasi laini zilizoitwa kwa jina la Wakikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na zimevamia malisho na viwanja vya mipira mpaka Australia. Zinapendeza Machame. Huku bila maji ya kila siku zinaungua, na mtu mwenye maji ya kila siku ana mambo mengine ya kuyafanyia.

Jibu langu kwa Kahe ni matembele.

Najua kuna mtu amecheka. Matembele ni mboga ya kununua fungu moja sokoni Mbuyuni jioni ukiwa huna hela ya nyama, hiyo ndiyo bustani? Subiri kidogo. Matembele ni majani ya kiazi kitamu, na kiazi hicho tumezoea kukihesabu kama zao la msimu kwa sababu tunakichimba. Kimaumbile ni mmea wa kudumu. Ukiacha kuuchimba, ukaupa unyevu kiasi, unaendelea kutambaa mwaka hadi mwaka, na kila kifundo kinachogusa udongo kinashika mizizi. Asili yake ni Amerika ya joto, lakini una ndugu ambaye watu wa pwani wanamjua vizuri: ule mmea wa maua ya zambarau unaotambaa juu ya mchanga wa ufukweni, unaoshikilia mchanga usipeperuke. Kufunika ardhi ni kazi ya ukoo wao.

Na huko Marekani, msikilizaji, wanauza marando ya viazi vitamu kama mapambo. Kuna aina iitwayo Marguerite yenye majani ya kijani cha kung'aa kama ndimu, na nyingine iitwayo Blackie yenye majani ya zambarau iliyokolea mpaka inakaribia weusi. Watu wananunua, wanapanda kwenye vyungu vya barazani na kwenye vitanda vya maua, wanayatazama hadi baridi inayaua, basi. Hawayali! Mama wa Kahe anayeona haya kupanda matembele mbele ya nyumba ajue kuna wenzake wanayalipia dola ili wayatazame tu.

Lakini sababu yangu kubwa si sura. Nilisema uliza mmea unasimama wapi. Mmea unaotambaa usiotaka kazi kabisa, mwisho wake ni gugu, kwa sababu kinachoufanya usife ndicho kinachoufanya usitulie. Lazima kuwe na mkono wa kuurudisha nyuma. Kwa wedelia mkono huo ni panga, na panga linahitaji siku ya panga, na siku hiyo huahirishwa. Kwa matembele mkono huo ni wa mpishi. Kila jioni mtu anatoka na ungo, anachuma ncha zilizovuka mstari, anarudi ndani. Hakuna aliyesema anafanya kazi ya bustani. Mmea unakatwa ncha, unatoa matawi ya pembeni, unakuwa mzito na mfupi, na hauvuki njia. Nyumba yenye watoto wanne haijawahi kushindwa na matembele.

Mbegu ipi? Zipo aina ambazo hapa kwetu watu huzipanda kwa ajili ya majani tu, kiazi chake si cha maana. Hizo ndizo za uwanjani, kwa sababu hazitakushawishi uchimbe. Ukishachimba viazi umeipasua ardhi ile ile uliyokuwa unaifunika. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, ni vizuri mno, na Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, watatu kati yao akiwemo yeye kwa kazi ya viazi hivyo. Wewe vipande shambani, kwenye matuta, uvichimbe kwa amani. Uwanjani weka vya majani.

Kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Kata marando kutoka kwenye ncha za mmea wenye afya, kila rando urefu wa kama futi moja. Epuka sehemu ya shinani iliyokomaa, maana hiyo ndiyo fukusi hupenda kutagia. Epuka pia mmea wowote wenye majani yaliyodumaa, yaliyojikunja au yenye njano ya mabakamabaka. Huo ni ugonjwa wa virusi unaosambazwa na vidukari na inzi weupe, na ukipanda rando lake umepanda ugonjwa. Lainisha udongo kwa jembe mara moja tu, changanya samadi iliyooza, fukia theluthi mbili za rando, nafasi kati ya moja na jingine ni hatua ya mguu. Kama unataka viazi, watu hukwambia uyanyanyue marando mara kwa mara yasishike mizizi ya pembeni. Wewe usiyanyanyue. Yaache yashike. Palilia mpaka majani yakutane, baada ya hapo kivuli chenyewe kinapalilia.

Sasa tufike kwenye maji, maana hapa ndipo bustani nyingi za Kahe hufia. Maji ya mlima hupita chini ya ardhi na kutokeza tambarare, kama pale Miwaleni, na waliopakana na chemchemi na mifereji yake hawanihitaji mimi. Wengi wetu lakini tunategemea bomba, na ndoo ina bei yake. Ushauri wangu ni huu: usianze kwa kuuliza ungependa kijani kiwe wapi. Anza kwa kutazama maji ya nyumba yanamwagika wapi tayari. Kila nyumba ina mahali pa kuoshea vyombo, ina bafu la nje, ina bomba linalodondoka, ina mtungi ambao watu hunawia. Pale panapolowa kila siku bila mtu kupanga, hapo ndipo pa kuweka rando la kwanza. Kutoka hapo acha yatembee yenyewe. Utashangaa uwanja wako unajichora ramani, na ramani hiyo haifanani na picha uliyoiona kwenye simu. Heri hiyo, kwa sababu itakuwa hai mwezi wa tisa, wakati zile bustani za picha zimekwisha kuwa kuni.

Lakini si maji yote ni sawa. Maji ya kwanza ya kufulia, yenye sabuni ya unga, yamejaa chumvi za sodiamu. Huko mlimani mvua itaziosha. Kahe sehemu nyingi udongo una magadi tayari, na kumwaga sabuni ya unga hapo ni kumwongezea mgonjwa ugonjwa. Tumia maji ya kusuuzia. Maji ya kuoshea mboga na mchele ni bora zaidi. Maji yaliyofuliwa nepi za mtoto usiyapeleke kwenye mboga, hata kama utapika. Na majivu, ambayo ndugu zetu wa vihambani huko mlimani huweka kwenye migomba, huku yaweke mbali na sehemu yenye magadi, kwa sababu yanaongeza ukali ule ule.

Udongo wa magadi unaujua. Ukikauka unatoa ukoko mweupe juu, ukilowa unateleza na kunata, na maji yanasimama bila kuzama. Jua linapoipiga ardhi tupu, maji yanavutwa juu kutoka chini, yanageuka mvuke, na chumvi yake inabaki juu. Mwaka hadi mwaka weupe unaongezeka. Ardhi iliyofunikwa hupunguza mwendo huo, lakini matembele hayawezi kuanza penye weupe, yataungua kingo za majani na kudumaa. Hapo usilazimishe. Weka ukoka, huu huu wa kawaida unaoung'oa shambani ukilaani. Ukoka huvumilia chumvi, huvumilia kukanyagwa, huvumilia ng'ombe, na mvua ikikosekana miezi mitatu unageuka rangi ya majani makavu lakini mizizi haifi. Ni kweli hauwi kijani mwaka mzima bila maji. Kwenye magadi mimi nakubali kijani cha miezi minane.

Chini ya michirizi ya bati, pale maji yanapochimba mfereji kuzunguka nyumba, matembele hayatoshi. Mvua ya Aprili itayang'oa. Panda mstari wa mchaichai, mashina yakaribiane, hatua mbili kutoka ukutani ambapo maji yanatua. Hautambai, lakini ni wa kudumu, una kijani chake, mizizi yake inashika, na chai ya asubuhi imepata harufu.

Watu wa mlimani watasema wao hawahitaji somo hili, na kwa kiasi wana haki. Kihamba cha Mchaga hakijawahi kuwa na ardhi wazi: juu miti mirefu, chini yake migomba, chini yake kahawa, na chini ya kahawa majimbi na majani ya kila aina, na mpakani masale yaliyosimama toka enzi za babu. Watu waliposhuka kutoka vihambani kuja tambarare kulima mahindi na kujenga, walikuja na mengi, lakini ile tabia ya kutoiacha ardhi uchi ilibaki juu. Sijui kama ni kwa sababu shamba la chini lilihesabiwa kuwa shamba tu, mahali pa kulima na kuondoka. Sasa watu hawaondoki. Wamejenga, wana umeme, wana watoto waliozaliwa hapa, na treni ya abiria ya Dar es Salaam iliyorudi Desemba 2019 inapita stesheni ya Kahe kama zamani. Ni nyumbani sasa, na patunzwe kama nyumbani.

Nirudi kwa nyoka, maana najua bado unamfikiria. Una haki. Tambarare ina kifutu na ina swila, na hakuna bustani inayostahili mguu wa mtoto. Kwa hiyo usifunike kila mahali. Kuzunguka ukuta wa nyumba acha ukanda mtupu wa hatua mbili, mpaka kwenye mchaichai, na njia ya kwenda chooni na jikoni iwe wazi na pana. Hapo fagia kama ulivyofundishwa. Matembele yakichumwa kila siku hayazidi kimo cha kifundo cha mguu, na mchumaji atembee na fimbo, apige kwanza ndipo ainame. Zaidi ya hayo, nyoka anafuata panya, na panya anafuata magunzi yaliyorundikwa nyuma ya jiko na matofali yaliyosubiri ujenzi toka mwaka juzi. Rundo hilo liondoke kwanza ndipo tulaumu majani.

Na mbu? Mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyosimama. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, umetupa mpunga, na majaruba yenye maji ndiyo mazalia. Jani kavu au bichi haliangui yai la mbu. Mbu mkubwa anaweza kujificha kwenye kivuli mchana, ndiyo sababu nyingine ya kuacha ule ukanda mtupu karibu na madirisha. Angalia tu bafu lako lisitengeneze dimbwi. Maji yatembee, yazame, yanywewe na mizizi.

Adui wa kweli wa bustani hii ana pembe. Mbuzi mmoja aliyefungua mlango Jumapili watu wakiwa kanisani anamaliza kazi ya masika nzima. Mlimani mifugo inafungiwa zizini na kukatiwa majani. Huku chini inatembea, na mingine ni ya jirani, na jirani ni jirani. Zungushia minyaa au michongoma, na wakati ua haujafunga, tumia miiba ya migunga. Faraja ni kwamba mbuzi akila juu, vifundo vilivyoshika ardhini vinachipua tena, jambo ambalo maua mengi ya kununua kitaluni hayawezi.

Nimesema mmea huu hautaki kazi kubwa. Sikusema hautaki kazi. Baada ya mwaka au miwili mashina ya katikati huwa magumu, majani yanakuwa madogo, na virusi huwa vimejikusanya. Mwanzo wa masika ng'oa sehemu moja ya uwanja, si wote kwa pamoja, na panda ncha mpya zilizochaguliwa. Masika ijayo sehemu nyingine. Ukifanya hivyo uwanja hauonekani umefanyiwa kitu.

Kuhusu sufuria, kila nyumba ina namna yake. Ninachokumbusha ni kwamba majani yakianikwa juani kidogo yakanyauka, ule mlenda unapungua. Nyanya na kitunguu, karanga za kusaga kwa wanaopenda, na mafuta yawepo, hata kidogo, kwa sababu vitamini A iliyomo kwenye majani haya mwili huipokea vizuri ikiwa na mafuta. Ugali, au ndizi za kuchemsha kama ndugu wa Kibosho wameleta mkungu. Usichume mmea mmoja ukabaki upara, zunguka.

Mbegu haiuzwi sana, huombwa. Masika yakikaribia kila mtu anatafuta marando kwa wakati mmoja, na ya Kahe mengi huwa yamekauka na kiangazi cha Januari na Februari. Mwenye mfereji ndiye anayebaki nayo, kwa hiyo anza kuulizia mapema kwa walio jirani na chemchemi, na uende na kitu mkononi. Kama huna wa kumwomba, chukua viazi vidogo visivyo na tundu la fukusi, vipange kwenye beseni la mchanga mkavu visigusane, vifunike, vikae ndani penye ubaridi mpaka vianze kuchipua. Wiki sita au nane kabla ya mvua vipande mahali pa kumwagilia, ukate marando yake masika yakianza. Marando yaliyokatwa leo yanaweza kungoja siku mbili kivulini, yamefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu, na yaliyonyauka kidogo hushika vizuri tu. Yapandwe jioni, jua likishalegea.